Chupa moja, dawa mbili: tunapokosea na dawa ya maji ya mtoto

Dukani wengi huiita Augmentin, hata kama chupa imeandikwa jina jingine kabisa. Ni ile dawa inayouzwa ikiwa unga, inayosubiri kuongezwa maji. Ndani mna dawa mbili. Amoksilini ndiyo inayoua bakteria. Asidi ya klavulaniki peke yake karibu haiui chochote: inakizuia kimeng'enya ambacho baadhi ya bakteria hukitoa ili kuivunja amoksilini. Mmoja analima, mwenzake anafukuza nyani. Na huyu mfukuza nyani ni dhaifu: unyevu unamharibu, joto linammaliza, na tumbo la mtoto halimpendi. Makosa mengi ninayoyasikia yanatokana na kumsahau yeye.

"Hii ni kali zaidi, kwa hiyo inafaa kila homa."

Mafua na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, na hapo wote wawili hawana kazi. Hata pakiwa na bakteria, nyani hawapo katika kila shamba. Streptokoka wa kundi A, wanaoleta maumivu ya koo, hawatengenezi kile kimeng'enya, kwa hiyo penisilini ya kawaida inawatosha. Nimonia ya mtoto inayoweza kutibiwa nyumbani, Shirika la Afya Duniani linashauri ianze kutibiwa kwa amoksilini tupu. Ukilazimisha ya mchanganyiko, mara nyingi ulichonunua cha ziada ni kuhara.

"Mimina maji mpaka kwenye alama, basi."

Ukimimina maji yote kwa mkupuo, unga hushikana chini ya chupa, povu linapanda juu, nawe unadhani alama imefikiwa. Povu likitulia, maji yamepungua na dawa imekuwa nzito kuliko ilivyoandikwa. Gonga chupa kwanza ili unga uachane. Weka maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, kama theluthi mbili hivi, tikisa sana, iache itulie, kisha ongeza mpaka alama na utikise tena. Maji ya moto yanayeyusha unga haraka, ni kweli, lakini yanamwua mfukuza nyani kabla hajafika shambani. Mfamasia akikubali kukuchanganyia pale pale, mwache afanye. Ana kipimo cha maji, wewe una kikombe. Baada ya hapo, tikisa chupa kila kabla ya kupima, maana dawa hutuama. Asiyetikisa humpa mtoto majimaji Jumatatu na tope Ijumaa.

"Ukiiweka mahali penye kivuli inatosha."

Kabla ya kuchanganywa, ndiyo, mradi pawe pakavu. Ikishachanganywa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande, na kwa kawaida siku 7 tu. Kabatini Tanga au Mombasa mwezi wa pili, klavulaniki huanza kupotea mapema huku dawa ikiendelea kunukia matunda vilevile. Pua haitakuambia kitu. Kama nyumbani hakuna friji, sema hivyo kabla ya kulipa. Wakati mwingine jirani anaweza kukuhifadhia chupa, na wakati mwingine mtoa dawa ataona vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa kwenye maji vinatosha kwa ugonjwa ule, navyo havina shida ya friji. Mtungi unapoza maji ya kunywa vizuri, lakini hakuna anayejua umefika nyuzi ngapi.

"Kijiko ni kijiko."

Nilichukua vijiko vitatu vya chai vya jikoni kwangu nikavipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kimoja hakikufika mililita 4, kingine kilipita 6. Mtoto aliyeandikiwa 5 angepata dozi tofauti kila siku kulingana na kijiko kilichokuwa kimeoshwa. Tumia kipimo kilichokuja na chupa, au omba bomba.

Hesabu ya namba za lebo ni mtego mbaya zaidi. Chupa iliyoandikwa 457 ina miligramu 400 za amoksilini na 57 za klavulaniki katika kila mililita 5. Iliyoandikwa 156 ina 125 na 31. Mzazi anaona 156 mara tatu ni 468, karibu sawa na 457, anafidia kwa kumpa kipimo mara tatu. Amoksilini inapungua kidogo, lakini klavulaniki inafika kama 93 badala ya 57, na tumbo litalipa. Ukibadilishiwa chupa, dozi ipigiwe hesabu upya na aliyekuuzia, kwa kuangalia uzito wa mtoto.

"Antibiotiki hunywewa tumbo likiwa tupu."

Zipo za namna hiyo. Hii hunyweshwa mtoto anapoanza kula: klavulaniki hufyonzwa vizuri zaidi, na kichefuchefu hupungua. Uji unafaa. Ila usiimimine kwenye chupa nzima ya maziwa, maana akiacha nusu ameacha nusu ya dozi.

"Ameharisha, basi ana aleji."

Kinyesi laini ni kawaida kwa dawa hii. Mpe maji mengi, na ORS akiharisha sana. Aleji ni jambo jingine: midomo au uso kuvimba, kifua kutoa mluzi, upele unaowasha unaosambaa ghafla. Hapo usisubiri zamu ya kesho, nenda hospitali. Nenda pia ukiona damu kwenye kinyesi. Na kama aliwahi kuvimba kwa penisilini yoyote, sema kabla hujaandikiwa, kwa sababu amoksilini ni ukoo uleule.

"Kumaliza dozi ni kumaliza chupa."

Dozi ni siku ulizoandikiwa. Mililita 5 mara mbili kwa siku 5 ni mililita 50. Chupa ikiwa ya 100, nusu nzima inabaki, nayo haimwagwi mdomoni wala haihifadhiwi kwa ajili ya mdogo wake. Ukiandikiwa siku 10, kinyume chake: chupa ya kwanza inaisha muda siku ya 7 hata kama bado ina dawa, kwa hiyo ya pili ibaki unga mpaka siku hiyo. Iliyobaki irudishe duka la dawa kama wanapokea.

Lebo usiitupe haraka. Mara chache dawa hii huumiza ini, na macho ya manjano yanaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya dozi kuisha, wakati hakuna anayeikumbuka tena.