Picha za chini ya maji: mbona kila kitu kibuluu?

Watu wakiona picha tunazopiga chini ya bahari, za meli za kale zilizozama, swali la kwanza ni lile lile, mbona kila kitu kibuluu, kamera yenu mbovu? Kamera haina shida jamani, ni maji. Maji yanakula nyekundu kwanza, ukishuka mita 5 hivi ishapungua sana, inafuata rangi ya chungwa, halafu njano, mwisho unabaki na kijani na buluu, ndo maana mzamiaji akijikata kule chini damu yake anaiona ya kijani. Hapo bado tope, na ukiwasha flashi iliyokaa juu ya lenzi mwanga unagonga zile chembe unakurudia, picha inakuwa kama umepiga kwenye ukungu.

Na zamani ilikuwa ngumu zaidi, chukua Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama Mombasa 1697, chini ya Fort Jesus, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Ilichimbuliwa kuanzia 1977 hadi 1980, enzi za filamu, yaani picha unaiona baada ya kusafishwa, ikitoka mbaya basi tena.

Siku hizi kuna programu za kompyuta za kurudisha rangi. Ile rahisi inapandisha nyekundu picha nzima kwa kiasi kimoja, lakini mtungi ulio mita 1 toka kwenye kamera haujapoteza rangi sawa na nanga ya mita 4, kwa hiyo cha karibu kinaiva wekundu na cha mbali kinabaki buluu. Mwaka 2019 watafiti Derya Akkaynak na Tali Treibitz walitoa njia inayoitwa Sea-thru, hiyo inataka kwanza ijue kila nukta ya picha iko umbali gani toka kwenye kamera ndo iondoe rangi ya maji, na umbali unapatikana kwa kupiga kitu kimoja picha nyingi zinazopandana. Picha hizo hizo zinakupa na umbo la meli la pande tatu, faida juu ya faida.

Sasa kwenye kuifundisha kompyuta itambue yenyewe mtungi au mzinga wa meli kwenye picha ndo wengi wanateleza, wanadhani picha ikipendeza machoni basi na mashine itaona vizuri. Wapi! Ukikaza kontrasti sana, yaani tofauti ya mwanga na giza, hata jiwe lenye matumbawe linageuka mdomo wa mtungi, na kompyuta iliyosomea picha za ukungu ukiipa zilizosafishwa inaweza kubabaika. Zile programu za akili bandia zinazojijazia zenyewe pasipoonekana mi sizitaki kabisa kwenye kazi hii, maana zinachora zinachodhani kipo.

Na we mzamiaji au mvuvi ukikuta kitu cha kale usikinyanyue. Subiri siku za maji mafu, yaani bahari isipojaa na kupwa sana, bamvua inachafua maji, weka hata kisu pembeni kama kipimo, sogea karibu, piga kuzunguka pande zote, kiache palepale. Halafu waletee watu wa makumbusho mafaili kama yalivyotoka kwenye kamera, bila filta, na sio yaliyopitia WhatsApp maana inayabana mpaka alama ndogo ndogo zinapotea.