Choo Kikiwa Uani, Mzee Hupunguza Maji

Mzee anapofikishwa zahanati ana kizunguzungu, midomo imekauka na mkojo umekuwa na rangi ya chai, swali la kwanza huwa ni la presha na sukari. Ni swali sahihi. Sisi tunaotembelea wazee majumbani huongeza jingine: choo kiko wapi?

Katika nyumba nyingi za mijini Tanzania, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, choo kiko uani. Vijijini kiko mbali zaidi, nyuma ya banda au migombani. Usiku mzee atafute tochi, avuke kizingiti, ashuke ngazi zisizo na pa kushika, akanyage tope la maji ya vyombo, kisha achuchumae na magoti yake yanayouma. Akishaanguka mara moja hupiga hesabu zake kimya kimya: kuanzia saa kumi jioni hagusi maji. Wengine huacha hata ile dawa ya presha inayoongeza mkojo, na ndugu hulalamika kwamba mzee ni mbishi wa dawa. Wala si ubishi. Basi mwili ukipungukiwa maji, choo huwa kigumu, njia ya mkojo hupata maambukizi kwa urahisi, na mzee aweza hata kuchanganyikiwa. Kizunguzungu hichohicho ndicho humwangusha mchana, mbele ya watu, na watu wakasema ni uzee tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 60. Kwa bibi ambaye mifupa yake imedhoofika, kuanguka akiwa amesimama tu kwatosha kuvunja nyonga. Asipotibiwa mapema hubaki kitandani, na huko humfuata vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni.

Dawa ya haya kwa sehemu kubwa iko kwa fundi. Seremala wa mtaani anaweza kutoboa kiti cha mbao katikati, ndoo yenye mfuniko ikakaa chini yake, mzee akamaliza haja zake za usiku chumbani. Uani, bomba la chuma lichimbiwe kando ya tundu la choo, apate pa kushika anapoinuka. Sakafu ya choo iachwe ikwaruze. Niru inayong'aa inapendeza macho lakini ikilowa ni utelezi mtupu. Taa ndogo ya sola mlangoni, mkeka uondoke njiani. Kuhusu dawa inayoongeza mkojo, muulizeni mhudumu wa afya kama inaweza kumezwa asubuhi. Mzee asiiache kwa uamuzi wake.

Jikoni kuna jambo zito zaidi. Usukumani, ambako kuni zimekuwa adimu, kina bibi wengi wamepikia samadi iliyokaushwa na mabua ya pamba katika vibanda visivyo na pa kutokea moshi. Moshi huo huharibu mapafu, huchangia mtoto wa jicho na kuyafanya macho kuwa mekundu. Mikoa ya Shinyanga na Mwanza inajua wekundu huo uliwaletea nini: vikongwe waliitwa wachawi kwa sababu ya macho yao, na wapo waliouawa. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati hiyo. Nauunga mkono, ila bibi anayeishi peke yake ndiye nahofia atafikiwa mwisho. Kwa sasa apasuliwe dirisha juu ya mafiga na aanikiwe kuni zikauke.

Kwenye baridi ya Njombe na Makete, hatari ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na humkuta mzee usingizini. Jiko lilale nje, hata mkaa ukiwa umebaki majivu yenye makaa machache.

Wapo watoto wanaoamua kumhamishia mama Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, choo ndani, maji ya bomba. Miguu yake haiziwezi ngazi, baraza hana, wa kumwamkia hakuna. Baada ya muda hata chakula hakitaki. Mara nyingi ni heri fedha za kuhamisha zikarabati nyumba aliyoizoea. Akihamishwa, apewe chumba cha chini. Kitanda kifike usawa wa magoti yake, miguu ikanyage sakafu anapoketi, kwa sababu kitanda kifupi humchosha yeye na huvunja mgongo wa anayemuuguza, ambaye, mzee akiwa mwanamume, mara nyingi ni mke wake mwenye umri kama wake.

Asiye na ndugu wa kumfanyia haya, jirani apeleke taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Aeleze hali ya nyumba pia, pamoja na ugonjwa.