Prostaglandini: kemikali isiyokwenda mbali na ilikozaliwa

Ukijigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti, kidole huvimba, huwa chekundu na kuuma. Prostaglandini zina mkono mkubwa katika hayo yote. Sasa jiulize: damu iliyopita kidoleni huzunguka mwili mzima kwa dakika moja hivi. Mbona basi mwili wote hauvimbi?

Jina lenyewe ni la kupotosha. Ulf von Euler wa Sweden alilitoa mwaka 1935 akidhani kemikali hii hutoka kwenye tezi dume. Baadaye ikajulikana kwamba karibu kila tishu huitengeneza, lakini jina lilishazoeleka.

Insulini hutengenezwa kongoshoni, huwekwa akiba, kisha husafiri na damu hadi mbali. Prostaglandini haiwekwi akiba. Seli ikiguswa, hukata asidi ya arakidoniki, aina ya mafuta, kutoka kwenye utando wake, na kimeng'enya kiitwacho COX huanza kuigeuza papo hapo kuwa prostaglandini. Aspirini na ibuprofeni huziba njia hapo.

Kwa kuwa imetokana na mafuta, ungetegemea ipenye utando wa seli bila taabu. Haipenyi hivyo, kwa sababu katika majimaji ya mwili huwa na chaji hasi, na utando haupendi vitu vyenye chaji. Kutoka, nyingine hujipenyeza polepole na nyingine husukumwa nje na protini iitwayo MRP4. Huko nje hugusa vipokezi vya seli jirani, na ujumbe umefika. Kazi ngumu ni kuiondoa, maana kimeng'enya cha kuizima, 15-PGDH, kimo ndani ya seli. Lazima irudishwe ndani, na mbebaji wake ni protini ya PGT iliyotambuliwa mwaka 1995. Ikishaingia, 15-PGDH hubadilisha kiungo kimoja tu cha atomi kwenye kaboni ya 15, na nguvu karibu zote huisha. Vimeng'enya vingine hufupisha mikia ya molekuli, na mabaki hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana watafiti wakitaka kujua mwili umetengeneza kiasi gani, mara nyingi hupima mkojo badala ya damu.

Mbebaji na kimeng'enya hutegemeana. Aliyezaliwa na hitilafu katika jeni ya PGT au ya 15-PGDH hupata ugonjwa uleule: PGE2, aina mojawapo ya prostaglandini, hujaa mwilini, ncha za vidole hutuna kama rungu, na mifupa huwa minene.

Jaa kuu la prostaglandini ni mapafu. Mwaka 1967 Ferreira na Vane walionyesha kwamba PGE2 nyingi hupotea damu ikipita mapafuni mara moja tu. Kwa kawaida ni zaidi ya asilimia 90. Prostasiklini, aina nyingine, hupita salama kwa sababu PGT haiibebi, ila nayo huharibika yenyewe ndani ya dakika chache.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtoto mchanga. Tumboni, mshipa mmoja huunganisha ateri ya mapafu na aota, ili damu iyapite kando mapafu ambayo bado hayapumui. PGE2, ambayo nyingi hutoka kwenye kondo la nyuma, huuweka wazi. Mtoto akizaliwa, kondo limeondoka na damu inamiminika mapafuni, ambako PGE2 huvunjwa. Oksijeni nayo hupanda, na kwa kawaida mshipa hujifunga ndani ya siku chache. Mtoto mwenye kasoro ya moyo inayohitaji mshipa huo ubaki wazi hupewa alprostadili, dawa ambayo yenyewe ni prostaglandini, kwa dripu isiyokatika, kwa kuwa mapafu huifagia upesi.

Watengenezaji wa misoprostoli, prostaglandini ya kutengenezwa inayotumika kuzuia mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, walikwepa tatizo hilo kwa ujanja: kiungo kile cha kaboni ya 15 walikihamishia ya 16, wakaongeza na methili pembeni yake. 15-PGDH ikija haipati pa kushika.