Mtamba, dubu na mnyweshaji: majina ya miezi na hadithi zake

Mwaka jana nilikuwa katika shule moja ya sekondari mkoani Iringa, nikawaambia wanafunzi kwamba sayari ya Mshtarii ina miezi zaidi ya 90. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo mwaka wa huko una miezi tisini?"

Darasa liliangua kicheko, lakini swali lilikuwa la haki. Kiswahili kina neno moja kwa kinachong'aa usiku na kwa kinacholeta mshahara. Hapa nazungumzia kile cha angani, yaani gimba linaloizunguka sayari kama Mwezi wetu unavyoizunguka Dunia. Dunia ina mmoja, Mirihi miwili, Zuhura na Utaridi hazina kitu. Zohali, kwa hesabu ya 2025, ina 274.

Nikumbushe jambo kabla ya kusonga. Wengi wetu tulikariri kwamba sayari yenye pete ni Sarateni na Neptuni ni Kausi. Hayo ni majina ya buruji, yaani makundi ya nyota: Sarateni ni Kaa, Kausi ni Upinde. Yaliingia katika vitabu vya shule kimakosa, yakakaa kama mgeni asiyeaga. Sayari yenye pete ni Zohali.

Turudi kwa Mshtarii. Januari 1610, Galileo Galilei aliielekezea darubini yake akaona vinukta vilivyojipanga mstari mmoja, vikibadilishana nafasi usiku hata usiku. Vilikuwa vinne. Akavipa jina la ukoo wa Medici, watawala wa Florence, na mwaka uleule akaajiriwa nao. Barua za kuomba kazi zina namna nyingi.

Majina tunayotumia leo hayakutoka kwake. Yalichapishwa mwaka 1614 na Mjerumani Simon Marius, aliyesema wazo alilipata kwa mwanaastronomia Johannes Kepler. Mshtarii kwa Warumi ni Jupiter, mfalme wa miungu, ambaye Wagiriki walimwita Zeus, na Zeus hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Basi azungushiwe aliowatamani: Io, Europa, Ganymede na Callisto.

Io ndiye mwenye kisa ninachokipenda. Zeus alipokaribia kufumaniwa na mkewe Hera, alimgeuza yule binti kuwa mtamba mweupe. Hera hakudanganyika. Akamsifia mtamba, akaomba apewe zawadi, akamkabidhi kwa mlinzi mwenye macho mia. Mtamba alipotoroshwa, Hera akamtumia nzi wa kumng'ata bila kukoma, akahangaika nchi hadi nchi mpaka Misri. Wafugaji wa Rungwe wanaojua ng'ombe anavyokuwa nzi wakimwandama hawahitaji maelezo zaidi.

Cha ajabu ni kwamba mwezi wenyewe nao hauna raha. Io huizunguka Mshtarii mara moja kwa siku 1.77, Europa kwa takribani mara mbili ya muda huo, Ganymede kwa takribani mara nne. Kwa mpangilio huo miezi hiyo miwili huivuta Io mahali palepale tena na tena, njia yake isiwe duara kamili, na mvuto mkubwa wa Mshtarii huiminya na kuiachia. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua haraka. Utasikia kinavyopata moto. Ndivyo tumbo la Io linavyochemka. Machi 1979, katika picha za chombo cha angani Voyager 1, mhandisi Linda Morabito aliona wingu limepanda kutoka ukingoni mwa mwezi huo. Ilikuwa volkano hai ya kwanza kuonekana nje ya Dunia. Marius hakuwa na habari hiyo alipochagua jina la mwanamke asiyepumzika.

Europa alibebwa na fahali akavushwa bahari hadi Krete. Callisto aligeuzwa dubu. Ganymede alikuwa mvulana aliyenyakuliwa na tai akawe mnyweshaji wa miungu, na mwezi wake, wenye kipenyo cha kilomita 5,268, ni mkubwa kuliko sayari ya Utaridi. Hawa wanne unaweza kuwaona mwenyewe. Usiku wa kiangazi, Mshtarii ikiwa juu na ukiwa mbali na taa za mji, tuseme Kitulo au nje kidogo ya Makambako, chukua darubini ya mikono, egemeza viwiko juu ya kitu kisichotikisika, na uvae koti. Kesho yake rudi uone nani amehama.

Siku hizi majina hupitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, ulioanzishwa 1919, na una masharti. Miezi ya Mshtarii iitwe kwa wapenzi wa Zeus au wazao wake. Hata herufi ya mwisho ina kazi: kwa kawaida mwezi wa mbali unaozunguka kufuata mwelekeo ambao sayari hujizungusha jina lake huishia na "a", kama Himalia na Elara, na unaokwenda kinyume huishia na "e", kama Carme na Sinope. Sisi wenye ngeli tunaelewa haraka.

Mirihi, sayari ya mungu wa vita, ina Phobos na Deimos, wanawe wawili: Hofu na Kitisho. Mwanaastronomia Asaph Hall aliigundua miezi hiyo Agosti 1877 jijini Washington, baada ya kukata tamaa na kusukumwa na mkewe, Angeline Stickney, arudi kwenye darubini. Shimo kubwa kuliko yote juu ya Phobos linaitwa Stickney. Uranusi ilifuata njia yake yenyewe: miezi yake inatoka katika tamthilia za Shakespeare na shairi la Alexander Pope.

Zohali ndiyo iliyofungua mlango. Wagiriki hawakutosha, na miezi yake ya mbali iliyogunduliwa mwaka 2000 na kuendelea ikaanza kupewa majina ya watu wengine. Kiviuq ni shujaa msafiri wa Wainuiti wa kaskazini ya baridi kali, na Ymir ni jitu la hadithi za Skandinavia.

Yule kijana wa dawati la nyuma alikuwa na swali la pili: mbona hakuna letu? Nikamrudisha kwa Io. Volkano za huko hupewa majina ya miungu ya moto, jua, radi na uhunzi kutoka duniani kote. Ipo Loki ya Skandinavia, ipo Pele ya Hawaii. Na lipo shimo linaloitwa Mulungu Patera. Mulungu ndilo jina ambalo Wayao na Wanyanja humwita Mungu. Patera, kwa Warumi, lilikuwa bakuli la kina kifupi la kumiminia kinywaji cha tambiko.

Akaniuliza kama lina maji, kama Ziwa Ngozi la Rungwe lililo ndani ya shimo la volkano. Nikamwambia hapana, lile bado lina moto.