Pikipiki ya magurudumu manne inazima ukirudisha choki? Anza na jeti ndogo

Mashine ya zamani iliyokaa muda mrefu ikiwaka kwa choki tu, na ukirudisha choki inazima, mara nyingi jeti ndogo ya kabureta (kipande chenye kitundu cha kupitishia mafuta) imeziba. Inauma kuona injini nzima ikifumuliwa kwa tatizo la kiasi hicho.

Nyingi za Kichina za cc 150 hadi 250 zinatumia injini ya ukoo wa Honda CG, kama guta zinazobeba dagaa pale mwaloni Kirumba. Kwa hiyo vipuri Mwanza vinapatikana. Nenda na kifaa cha zamani mkononi ulinganishe.

Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kuvuta mafuta, mafuta yote hupitia jeti ndogo, ambayo tundu lake halifiki nusu milimita. Petroli ikikauka humo huacha gundi. Choki hupunguza hewa na kulazimisha mafuta yavutwe kwingine, ndiyo maana inaisaidia kidogo.

Funga koki ya mafuta, kisha legeza skrubu ya chini ya kabureta umwage mafuta kwenye chupa angavu. Maji yakionekana yametuama chini, safisha na tanki pia. Fungua bakuli la chini la kabureta, chomoa pini ya boya, toa boya na sindano yake. Ncha ya sindano ikiwa na mkunjo, badilisha, la sivyo kabureta itafurika na petroli itaingia kwenye oili. Nusa kijiti cha oili, utajua. Jeti ifungue kwa bisibisi inayojaa mfereji wake, maana shaba huliwa upesi. Zibua kwa uzi mmoja laini wa waya wa umeme. Sindano ya kushonea hapana, inapanua tundu na mashine itakula mafuta daima. Malizia kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Fundi pancha yeyote anao. Skrubu ya hewa, hesabu mizunguko kabla ya kuitoa. Ukipoteza hesabu, ifunge taratibu mpaka mwisho, irudishe mzunguko mmoja na nusu, kisha irekebishe injini ikiwa ya moto.

Bado inazima? Kagua mpira kati ya kabureta na injini: ufa mdogo unaingiza hewa ya ziada. Plagi ya D8EA iachie mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7.

Kwa wanaoendesha ufukweni, Ziwa Victoria letu ni la maji baridi, hivyo chumvi si tatizo. Mchanga ndio adui. Chujio la sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, lipake oili, ulikamue. Likichanika, mchanga unakula ringi za pistoni.

Ikiwaka vizuri asubuhi lakini ikagoma ikiwa ya moto, shuku valvu zilizobana: joto huzirefusha zisifunge, kompresheni ikapotea. Pima mwanya wa valvu injini ikiwa ya baridi kabisa, alama ya T ya sumaku ikiwa imelingana na alama ya kasha la injini, na valvu zote mbili zimelegea. Injini hizi nyingi hutaka milimita 0.05 hadi 0.08.