Ufinyanzi wa Mkono Lamu: Yasemwayo na Yalivyo

"Mfinyanzi hulia gaeni." Kijana wa Lamu akisema nyumbani kwamba anataka kuishi kwa kazi ya udongo, hujibiwa kwa methali hii, na mjadala hufungwa hapo. Lakini Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, amejenga maisha yake yote juu ya udongo. Vyungu vyake vimo katika British Museum, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha heshima cha Dame. Njia yake haikuwa fupi. Alianza na sanaa ya matangazo, akahamia Uingereza mwaka 1971, na mwaka 1974 akaenda Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, kukaa na wanawake Wagwari waliomfundisha kuinua chungu kwa mkono. Kazi hii inalisha, ila haina haraka. Mzazi anayetaka kumwambia mwanawe ukweli, na amwambie hivyo.

Huyo huyo Odundo anaivunja dhana nyingine, kwamba asiye na gurudumu la kuzungushia udongo si fundi kamili. Vyombo vyake maarufu huvijenga kwa mkono, akavisugua hadi ving'ae. Na weusi wake, ambao wengi hudhani ni rangi ya kupaka, ni kazi ya moto: tanuri likipata hewa ya kutosha chombo hutoka chekundu, likinyimwa hewa hutoka cheusi.

Dhana inayoharibu vyombo vingi kuliko zote ni hii: kwa kuwa kazi inatokana na maumbile ya pwani, basi chota mchanga wa ufuo wa Shela, ponda na makombe, changanya na udongo, choma. Mchanga wetu wa ufuoni huwa na vipande vya makombe na matumbawe. Vipande hivyo vikipata moto wa nyuzi 850 au zaidi hugeuka chokaa. Chombo hutoka tanurini kizuri, mteja anakipenda, analipa. Kisha chokaa inaanza kunywa unyevu wa hewa, inavimba, na uso wa chombo unabanduka vipande vipande, pengine baada ya wiki kadhaa. Wachoma chokaa wa Lamu wanaijua vyema tabia hiyo. Jiwe la matumbawe likishachomwa na kumwagiwa maji huvimba na kusambaratika. Jambo lile lile linatokea ndani ya ukuta wa chungu. Makombe yaliyosagwa yanawezekana iwapo moto utabaki wa chini, lakini mwanafunzi asianzie hapo. Chumvi nayo hupanda juu wakati wa kukauka na kuacha ukungu mweupe. Badala yake, saga vigae vya vyungu vilivyovunjika uchanganye na udongo, au tumia mchanga wa mtoni uliooshwa: udongo hautanywea sana, na unyevu utapata njia ya kutoka.

Basi maumbile yako wapi katika kazi hii? Wengi hujibu kwa kugandamiza jani la mkoko au kombe kwenye udongo mbichi. Ni pambo, sina ugomvi nalo. Ila mtazame konokono wa baharini: huikuza nyumba yake kwa kuongeza mdomoni tu, na nyuma haigusi tena. Mfinyanzi wa mkono naye huongeza mdomoni, msokoto wa udongo juu ya msokoto, na kosa la chini humfuata hadi juu. Aliyeliona hilo atapata umbo bila kunakili kombe lolote.

Kuhusu jua kali kukausha chombo upesi: hapana. Upepo wa kaskazi hukausha mdomo kabla ya kitako, na ufa huanzia hapo. Funika kwa kitambaa chenye unyevu, weka kivulini.

Wapo pia wanaotazama mabakuli ya kaure ya Uchina yaliyopangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba za zamani, wakahitimisha kwamba watu wa pwani walikuwa wanunuzi tu wa vyombo vizuri. Nendeni Shanga, kisiwani Pate, mji ulioanza karne ya 8. Vyombo vya Uchina na Uajemi vilichimbuliwa huko kweli, lakini sehemu kubwa kabisa ya vigae ni vya udongo wa hapa hapa, vilivyofinyangwa kwa mkono, na vingi vya tabaka za mwanzo vimechorwa pembetatu kuzunguka bega la chungu. Kijana anayetaka kazi hii leo ana kielelezo cha miaka zaidi ya 1,200 kilicho karibu naye kuliko darasa lolote la Nairobi. Aanze kwa kuzichora pembetatu zile.