Haidrojeli Ikipata Joto: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Aliyezoea kuona mchele ukitutumka chunguni hudhani kwamba kila kinachokunywa maji huvimba zaidi kikipata moto. Kwa haidrojeli, yaani jeli zinazofyonza maji, za polima (molekuli ndefu kama mnyororo) iitwayo PNIPAM, mambo ni kinyume: hufura katika maji baridi na kunywea yanapopata joto, na mpaka wa mabadiliko hayo ni takriban nyuzi 32 za Selsiasi. Kipande kilichofura, kiangavu kama barafu, kikitiwa katika maji ya nyuzi 40 hugeuka cheupe kama tui, kisha husinyaa huku kikitema maji. Kwenye baridi, molekuli za maji hushikamana na minyororo ya polima kwa bondi za haidrojeni, yaani mvuto dhaifu kati ya molekuli. Joto likipanda mshikamano huo hulegea, sehemu zinazokwepa maji hukumbatiana, na maji hukosa pa kukaa.

Weupe huo huwafanya wengine waseme jeli imeyeyuka. Inayoyeyuka motoni ni faluda ya agaragari, ambayo minyororo yake haikufungwa kwa vifundo vya kudumu. Haidrojeli hii ni kama jarife: vifundo havifunguki, ila macho ya wavu hubana na kutanuka, na ikirudishwa kwenye maji baridi hufura upya. Wala isichanganywe na polima ya nepi, ambayo hufura kwa nguvu ya chaji za umeme zilizomo ndani yake.

Nyuzi 32 nazo si amri. Polima ikichanganywa na monoma (kipande kidogo cha kujengea mnyororo) inayopenda maji, mpaka huo wa joto hupanda. Ikichanganywa na inayoyakwepa, hushuka. Chumvi nayo huushusha, hivyo katika maji ya bahari jeli hunywea mapema zaidi. Jambo hili latuhusu sisi wa Mombasa, kwani wanaoandika kwamba jeli hii “hufura katika joto la chumba” wana vyumba vya nyuzi 20, ilhali mchana wa kaskazi, Februari au Machi, hapa hewa hufika nyuzi 32, na kipande kilichoachwa ndani ya glasi dirishani chaweza kuwa kimefura alfajiri na kunywea alasiri pasipo kuguswa na mtu.

Dhana ya kwamba hufura papo hapo ndiyo inayopotezea watu muda mwingi. Watafiti Tanaka na Fillmore walionyesha mwaka 1979 kwamba muda wa kufura hufuata mraba wa ukubwa: tembe ya sentimita 1 huhitaji muda mara 100 ya ule wa tembe ya milimita 1. Kuongeza moto ghafla ili inywee upesi nako huweza kuchelewesha, kwa sababu tabaka la nje hubana kwanza, likawa ngozi nzito inayoyafungia maji ndani.